Kidole Kwenye Tundu la Plagi

Rafiki yangu Addi, fundi wa pikipiki huko Merzouga, kijiji cha Moroko kando ya jangwa, aliletewa na Bassou pikipiki ya magurudumu manne inayotoa moshi wa bluu.

"Inakunywa oili kuliko wewe unavyokunywa chai," Addi akamtania. "Ringi za pistoni zimekwisha hizo."

"Itengeneze, ndugu yangu. Jioni mwanangu anaipeleka jangwani."

Addi akazima injini, akafungua plagi na kuziba tundu kwa kidole gumba, ili akiizungusha injini kwa mkono aone kama hewa itamsukuma kidole. Kabla hajaizungusha, hewa ya vuguvugu ikampuliza kidole. Ikavutwa ndani polepole. Ikapuliza tena. Akachungulia tunduni, giza tupu.

"Itapona?" Bassou akauliza.

Addi akainamisha sikio tunduni. Akabana pumzi asikilize.

Na pumzi ya ndani ya injini nayo ikabanwa, kama inayomsikiliza yeye.