Ushuhuda wa Royce

Kila Jumamosi, Verlene akishafagia baraza la kwao, huenda kwa jirani kumsaidia Bi Odessa kuambua maharage mabichi. Vidole vya Bi Odessa vilikuwa vimekakamaa kwa uzee, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

"Kaka yako anaanza lini kule kiwandani?" aliuliza Jumamosi moja.

"Anangoja kibali tu, Bibi."

Mji wao wa Virginia uliishi kwa kiwanda cha meli za kivita. Kaka yake Verlene, Royce, alikuwa amefuzu kuchomelea vyuma, akaahidiwa kazi kwenye nyambizi. Lakini hakuna aliyeingia humo kabla serikali haijamchunguza na kuridhika kwamba anaweza kuaminiwa kutunza siri za nchi. Fomu iliuliza kama aliwahi kutumia dawa za kulevya katika miaka saba iliyopita. Royce alikuwa amevuta bangi mpaka akafukuzwa chuoni. Aliacha mwaka juzi, akarudi masomoni. Alimwonyesha Verlene swali lile.

"Andika hapana," Verlene alimwambia. "Si umeshaacha? Nani atajua?"

Royce akaandika hapana.

Sasa, Jumamosi ile wakiambua maharage, gari likasimama nje. Akashuka mwanamume mwenye tai, akaonyesha kitambulisho.

"Naitwa Hargrove, mama, mchunguzi wa serikali. Nina maswali kuhusu jirani yako, Royce Pettiford."

"Kaa, baba. Kiti hicho ni cha paka, lakini leo atakusamehe. Verlene, peleka bakuli jikoni."

Verlene aliingia, lakini mlango ulikuwa wa wavu. Kila neno lilimfikia.

"Ana tabia gani huyo kijana?"

"Royce? Dhahabu tupu! Ungemwona kanisani siku ya Pasaka, aliposimama kutoa ushuhuda. Machozi yanamtiririka, anasema, 'Nilikuwa mtumwa wa bangi, Mungu akanifungua!' Kanisa zima tulisimama tukapiga makofi. Andika hilo, baba, usije ukalisahau."

Kalamu ya mgeni ikasita. "Alikuwa akivuta bangi?"

"Alikuwa! Ameacha, si ndiyo nakwambia?"

Bakuli likamponyoka Verlene. Maharage yakatawanyika sakafuni.

Royce alipoitwa kuhojiwa, alikiri yote, lakini alikuwa amechelewa. Majira ya baridi yalipoingia, jibu likaja: amenyimwa kibali, na nafasi yake kiwandani imepewa mwingine.

"Yule mchunguzi aliniambia bangi ya zamani pekee haimnyimi mtu kibali moja kwa moja," Royce alisema, macho yake yakiwa sakafuni. "Wanaangalia umeacha lini, na kama umeacha kweli. Pengine ningepita, pengine nisingepita. Ila uongo wangu ulikuwa wa juzi tu."

Bi Odessa, aliyekuja na sufuria ya supu, alifunika uso kwa leso. "Mdomo wangu huu! Nilidhani nakusifu, mwanangu."

"Ulinisifu, Bibi. Ulisema kweli."

Hapo Verlene akashindwa kujizuia. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyemwambia aandike hapana!" Akalia kwa kwikwi.

Bi Odessa akamvuta kifuani. "Lia, mjukuu wangu, halafu usikie. Bangi ilimwibia kaka yako mwaka wa masomo, akainuka. Uongo umemwibia kazi aliyoitolea jasho. Ulimpenda, lakini ampendaye mtu hamfundishi kudanganya. Na wewe, Royce, ulilosimama ukalisema mbele za Mungu, kwa nini ulifiche mbele ya karatasi?"

Baadaye Royce alipata kazi ya kuchomelea mageti. Sheria ilimruhusu kuomba tena baada ya mwaka, naye aliapa kwamba safari hiyo ataandika ndiyo, na kueleza yote, hata wakimkataa tena.

Tangu hapo, king'ora cha kiwanda kinapolia asubuhi, wanaume wa mtaa hushuka kuelekea bandarini na vyombo vyao vya chakula. Verlene husimama barazani na ufagio wake, akimtazama kaka yake akienda peke yake upande wa pili.