Pamba ya Marehemu

Godoro lilipanda kidogo, likashuka.

Lilikuwa limelazwa sakafuni mwa karakana, saa nne asubuhi, jua limejaa mlangoni. Wewe ungekimbia. Mimi nisingekimbia, lakini tusianze kupimana ubavu mapema. Fundi magodoro, ambaye mtaa mzima ulimwita Pamba kwa kuwa hakuna siku aliyotoka kazini bila nyuzi nyeupe kwenye nyusi, alilipiga kofi tu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Tulia wewe. Hewa imekukwama."

Mjane aliyelileta alikuwa bado kizingitini. Hakulia, na alipokaribishwa kiti hakukaa.

"Mume wangu alikohoa humo miezi minne mpaka akakata roho," alisema. "Usilifungue, fundi. Lichome. Yeye tulimwona akiondoka. Kilichokuwa kimemkalia kifuani hatukukiona kikitoka."

"Ondoa shaka, mama. Leo leo linakuwa majivu."

Sasa, kumwambia fundi magodoro achome pamba ni kumwambia mlevi amwage pombe. Mjane hajafika kona, fundi wetu keshapasua kitambaa. Akakuta pamba ndefu, nyeupe, ya zamani, isiyoonekana tena siku hizi za sponji. Akaichambua, akaitwanga fimbo, vumbi likajaa karakana na nyumba nzima, maana ukuta ulikuwa mmoja. Katikati ilikuwa na joto, joto la kwapa la mgonjwa, na ilinuka dawa ya kuchua. Akaianika siku mbili. Harufu ikapungua. Akamshonea bintiye godoro.

Binti huyo, Kidoti, aliitwa hivyo kwa alama nyeusi shavuni. Alikuwa na miaka mitatu na mdomo wa miaka arobaini. Usiku wa kwanza alilala kama gogo. Siku ya pili akaamka na mafua. Siku ya tatu, adhuhuri, mama yake alikuwa anapuliza jiko la mkaa humo humo ndani aliposikia mtu akikohoa, akageuka upesi kutazama mlango, akijua kuna mwanamume ameingia bila hodi.

Hapakuwa na mwanamume. Kikohozi kile kizito, chenye mikwaruzo ya mzee aliyevuta sigara ujana wake wote, kilikuwa kimetoka kwenye kifua cha mtoto.

"Baba Kidoti," aliita kwa sauti ya chini. "Umesikia?"

"Mafua hayo. Mpe maji ya moto."

"Mafua gani yanayokohoa kama baba mkwe?"

Pamba alicheka. Cheka, fundi, cheka tu.

Siku ya tano mtoto alikuwa anachemka, hataki kula, hataki hata kugombana. Pua zilitanuka kila alipovuta pumzi. Mama alimwinamia.

"Mama," Kidoti alinong'ona, "mwambie babu ashuke."

"Babu gani, mwanangu?"

Kidoti akaweka kidole katikati ya kifua chake. "Huyu."

Kituo cha afya walifika mbio. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene asiye na mzaha. Alipandisha gauni la mtoto, akatazama saa ya mkononi, akahesabu dakika nzima bila kupepesa.

"Pumzi hamsini na nane. Kwa umri wake, hata arobaini tu kwa dakika tayari ni haraka mno. Na tazameni hapa chini ya mbavu, akivuta hewa panabonyea kwa ndani. Siku ngapi?"

"Tano," alisema Pamba.

"Tano! Mlikuwa mnangoja awaandikie barua?" Akambana mtoto kidole kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu, akasoma namba, akaacha kufoka. "Hewa haimtoshi. Analazwa sasa hivi, oksijeni na sindano. Ni nimonia, kichomi hicho hicho mnachokijua. Vijidudu ndivyo vilivyoingia mapafuni. Lakini vumbi hilo ulilonalo kichwani, baba, na moshi wa jiko ndani, ndivyo vinavyovifungulia mlango."

Kisha akavaa mipira ya masikioni, akaweka kile kisahani cha baridi mgongoni mwa mtoto, upande wa kulia, akasikia alichokizoea, mchakacho kama wa nywele zinazosuguliwa karibu na sikio, akatikisa kichwa, akahamia kushoto, na hapo mkono wake ukasimama, kwa sababu kushoto kulikuwa na mtu mwingine anayehema, taratibu, bila haraka yoyote, akivuta pale mtoto alipotoa na kutoa pale mtoto alipovuta, kama mpangaji aliyelipa kodi yake na hana wasiwasi wa kuhamishwa.

Akavua mipira. "Nyumbani yuko mzee anayekohoa?"

"Hapana," alisema mama.

"Haya. Sindano ni ya kifua, hiyo niachieni mimi." Aliongea kama anayezungumza msibani. "Hicho kingine mtajua wenyewe mlikiingiza kwa mlango upi."

Kwenye benchi la nje Pamba alisema yote, akitazama viatu vyake. Mkewe hakumpiga. Hakulia. Alisikia, kisha akauliza choo kiko upande gani.

Siku nne Kidoti alilala na vijibomba puani. Sindano zilikwenda kwa saa zake. Mama alikaa kando ya kitanda kama gunia lililowekwa pale na mtu aliyesahau kurudi. Asubuhi ya nne mtoto alikohoa kile kikohozi cha mzee mara tatu, mwili wote ukaruka, na harufu ya dawa ya kuchua ikapita wodini kutoka kitandani mpaka dirishani. Muuguzi aliinuka. Alifungua dirisha, akangoja kidogo, akalifunga. Akahesabu. Thelathini.

"Nina njaa," alisema Kidoti, akimkunjia pua baba yake aliyesimama miguuni pa kitanda. "Na huyu baba anukie vizuri kidogo, ameleta harufu."

Walipewa dawa ya maji na onyo: dozi imalizwe hata mtoto akirukaruka, jiko litoke nje. Muuguzi akamfundisha mama kuhesabu, kiganja tumboni mtoto akiwa ametulia, dakika nzima. Ikifika arobaini, arudi mbio.

Pamba alichoma godoro uani. Pamba ya godoro haiwaki, inafuka tu, ilichukua kutwa.

"Umechoma yote?" mkewe aliuliza.

"Yote."

Wiki ilipita. Kila alasiri mtoto akilala, mama alihesabu. Hakufurahi, hakuogopa, alihesabu tu. Siku ya nane aliingia chumbani, mapazia yamefungwa, umbo dogo limejifunika shuka gubigubi, akakaa, akaweka kiganja, akatazama saa. Thelathini. Vizuri.

Karakanani, Kidoti akacheka. "Baba, una mvi za uongo!"

Mama hakuondoa mkono. Kwa mkono mwingine alifunua shuka, akakuta mto mdogo, mpya, ulioshonwa kwa mshono wa mumewe, wa moto chini ya kiganja chake.

Pamba alitokea mlangoni, akaona, akanywea. "Kidogo tu nilibakiza," alinong'ona. "Ya mto. Pamba kama ile, mke wangu, haipatikani tena."

Mto ulipanda, ukashuka, na mama, kwa kuwa hilo ndilo jambo pekee alilofundishwa, aliitazama saa akaanza dakika nyingine, ishirini, thelathini, nje mtoto bado anacheka, thelathini na sita, mshale wa sekunde haujafika juu, thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja, na kule karakanani kicheko kikakatika.