Nyumba Iliyo Kazini

Dobi alikuwa mwanamke wa shughuli, hajui kukaa bure. Yeye na mumewe, mlinzi wa ghala, walipanga vyumba viwili vyenye ua kwa nyuma. Vyumba vilikuwa vya kulala tu. Ua ndio uliowalisha. Huko dobi alianika sare za shule na mashuka meupe ya nyumba ya wageni.

Siku moja mwenye nyumba akaleta matofali. Alikuwa anajenga mtaa wa pili, akaona ua ule unafaa kuwa stoo yake. Hakuuliza mtu. Matofali yakapangwa, mchanga ukamwagwa, kamba za kuanikia zikafunguliwa, ikabaki moja tu. Upepo ukivuma, vumbi jekundu linatua kwenye mashuka, na dobi anaanza upya. Jamani, kufua nguo mara mbili kwa malipo ya mara moja! Meneja wa nyumba ya wageni akasema bila kificho: akiona tena shuka lenye vumbi, atatafuta dobi mwingine.

Mume alimsihi mkewe avumilie. Nyumba ina mwenyewe, alisema, na mpangaji hana ubavu wa kumpangia mtu pa kuweka matofali yake. Dobi aliendelea kusuuza mashuka, lakini moyoni alikuwa anachemka. Mashuka yakiondoka, watoto watakula nini?

Jioni akaja karani wa baraza la nyumba, linaloamua kesi za wapangaji na wenye nyumba, kuchukua mashati yake. Shati moja lilikuwa na vumbi kwenye kola. Dobi aliona haya, akamweleza kisa chote. Karani hakukasirika. Aliuliza kwanza kama ua ulikuwamo katika makubaliano. Mume alikiri ulikuwamo. Mwenye nyumba ndiye aliyewaonyesha, akasema kodi ni ya vyote.

"Dada," karani akasema, "nikishakulipa ujira wa kufua, unaweza kunirudishia nguo chafu?"

"Huo si utakuwa wizi?"

"Basi sikia. Kodi ya nyumba ina jina jingine la zamani: ijara. Limetoka kwenye Kiarabu, na ni ndugu wa ujira na ajira. Ukipanga nyumba, ni kama umeiajiri. Haijawa mali yako, huwezi kuiuza wala kuibomoa. Lakini mwenyewe akishapokea malipo, nyumba inakufanyia kazi wewe."

Mume alishangaa. Yeye alizoea kusema kodi au pango, basi. Karani akamwambia hajakosea, watu wote husema hivyo. Ila kodi tunailipa serikalini pia, ndiyo maana mtu husahau kwamba kodi ya nyumba ni malipo ya matumizi. Akawashauri waende wote wawili, waseme kwa adabu. Wakishindwana, baraza lipo.

Asubuhi dobi alijifunga kanga kiunoni. Mume akamfuata, miguu mizito.

Mwenye nyumba alicheka. "Leo unakuja kunifundisha nyumba yangu?"

"Nyumba ni yako, baba, sibishi," dobi akasema. "Lakini umepokea ijara yake, na mwezi huu iko kazini kwangu. Matofali yako yanaizuia kazi. Naomba uyaondoe. Hutaki, twende barazani."

Mwenye nyumba akamgeukia mume, akitegemea atamkanya mkewe. Mlinzi akasogea karibu na mkewe.

"Alivyosema ndivyo," akasema. "Ua tunaulipia."

Mwenye nyumba alinung'unika sana, lakini barazani hakutaka kufika. Jumamosi mkokoteni ukaja kubeba matofali na mchanga. Kisha karani akawasaidia kuandika mkataba, maana maneno ya mdomo husahaulika: vyumba viwili na ua, kwa matumizi ya mpangaji. Kila upande ukabaki na nakala. Dobi akafunga kamba zake zote, na meneja akaongeza mashuka.

Wiki iliyofuata mwenye nyumba alirudi kuchukua koleo alilosahau uani. Lango lilikuwa wazi. Miaka yote alikuwa akiingia tu, kama anaingia chumbani kwake. Safari hii alisimama nje.

"Hodi," akaita. "Wenyewe mpo?"

Dobi alikung'uta shuka, akalitandaza kwenye kamba, akabana vibanio.

"Tupo, baba," akajibu. "Karibu."