Umeganda, Mwanangu?

Ilianza na mshale. Mchora nembo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake sebuleni, akimalizia nembo ya sare za shule moja, tai aliyekunjua mabawa juu ya kitabu, na ule mshale wa kipanya ukasimama kwenye jicho la tai. Akausukuma kulia, haukwenda. Kushoto, wapi. Akabonyeza vitufe vyote anavyovijua na vingine asivyovijua. Kisha skrini ikawa nyeusi. Lakini taa ya boksi la kompyuta ilikuwa inawaka bado na feni yake inazunguka, kama mtu aliyefumba macho na hajalala.

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa nyumbani siku hiyo, bahati mbaya. Akaja akalitandika boksi makofi ya ubavuni.

"Unafanya nini wewe?"

"Redio yetu ilipona hivi hivi."

"Redio yetu ilikufa hivyo hivyo. Toa mkono."

Akaizima, akaiwasha, ikakubali. Kesho yake alasiri ikaganda tena, ikapoteza picha tena. Keshokutwa hivyo hivyo. Akamwita fundi.

Mtaa mzima ulimwita Fundi Vumbi, maana hata ukimpelekea simu iliyotumbukia chooni atakuambia ni vumbi. Akafungua boksi, akapuliza, akakohoa mwenyewe. "Unaona, Mama? Vumbi." Akaifunga, ikaganda. Basi akaacha mzaha akaanza kazi. Alikuwa na utaratibu wake: anabadilisha kitu kimoja, anajaribu, ndipo agusapo kingine. Alichomoa memori, akasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, akairudisha. Ikaganda. Akaweka waya mpya wa skrini. Ikaganda. Akaazima skrini nyingine, akabadilisha pawa saplai, akafuta programu zote na kuzipanga upya. Ikaganda, ikawa nyeusi, feni inazunguka.

Akaibeba kwenda nayo kibandani kwake, akaiacha inacheza filamu usiku na mchana wiki nzima. Haikukohoa hata mara moja. Akairudisha huku anatabasamu, akakaa kitini mwenyewe, ikaenda kama maji. Akampisha mwenye mali. Mchora nembo alipokalia tu kiti, mshale ukasimama.

"Simama, Mama."

Akasimama. Mshale ukaenda.

"Kaa."

Ukasimama.

"Labda una sumaku mwilini," fundi akasema, akacheka. Alicheka peke yake. "Hivi ugonjwa huu ulianza lini?"

"Baada ya msiba wa mama yangu."

"Oo. Pole sana. Nasikia mlikuwa mnaongea kila siku."

Hilo ndilo neno lililokuwa linamkata. Msibani kila mtu alikuwa nalo mdomoni. Binti wa namna gani huyu, yuko mbali na bado kila alasiri anaonana na mama yake kwenye kompyuta! Wamama wakamshika mikono, wakamlilia begani. Naye akainamisha kichwa, akapokea sifa zote, hakurudisha hata moja.

Ukweli ni huu. Mama yake alikuwa anaishi mji mwingine kwa mtoto wa mwisho, fundi baiskeli, ambaye wote walimwita Kitinda. Kila alasiri Kitinda anamkalisha mama kwenye kiti cha kamba mbele ya kompyuta, anampigia dada, anaenda zake kwenye baiskeli. Mama anaongea. Anaongea magoti na mafuta yake ya kuyachua, anaongea kuku wa jirani, anaongea ndoto aliyoota, na kesho anairudia. Siku moja mtandao ukakwama kweli. Mama akasema, "Umeganda, mwanangu?" akangoja, akachoka, akaaga. Mchora nembo akabaki anatazama skrini, na wazo likamjia. Lilikuwa wazo jepesi sana, na ovu.

Tangu siku hiyo, akichoka, anaganda. Anaacha mdomo nusu wazi, anatupa macho pembeni, anabana pumzi, hapepesi. Alikuwa hodari, ungedhani ni picha ya kitambulisho. "Umeganda, mwanangu?" mama anauliza, na mwanangu kimya. Tatizo mama hakuwa akikata tena. Alikuwa anakaa tu, anatazama ile sura iliyosimama. Hilo likamkera binti, basi akajifunza kuingiza mkono taratibu nyuma ya skrini, anachomoa waya, picha inapotea upande wake, yeye anaenda jikoni kubandika chai na mama yuko palepale anatazama kiti kitupu. Akirudi anachomeka, anasema, "Samahani Mama, mtandao." Na mama anasema, "Hapana neno."

Siku ya mwisho mama hakuongea kuku. Alisema, "Kifua kinanibana. Mpigie mdogo wako simu arudi, mimi yangu sijui ameiweka wapi." Mchora nembo alikuwa amekwisha kuganda. Alisikia kila neno. Akasema moyoni, hizi ndizo mbinu zake za kunishika. Hakupepesa. Akachomoa waya, akaenda jikoni, chai ikachemka, akainywa yote. Aliporudi na kuchomeka, kichwa cha mama kilikuwa kimelala begani na macho yanamtazama yeye. Akakata. Akakaa akisubiri simu ya Kitinda impe habari, na ilipokuja akapiga yowe kama mtu asiyejua.

Na Kitinda? Kitinda saa ile alikuwa kwa kinyozi. Alitoka kwenda kukata nywele, basi. Sasa hafungui banda lake, hali hashibi, nywele zimekuwa kichaka kwa kuwa ameapa mkasi hautazigusa tena. Kila apigapo ni lile lile: "Ningekuwa nyumbani, Dada, si angepona?" Dada mtu alikuwa na sentensi moja ya kumfungua, akawa anampa nyingine: "Tuliza moyo, mdogo wangu."

Haya yote hakumwambia fundi. Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza, amewasha tochi, na skrini ilikuwa imepoteza picha, ndipo wote wawili wakasikia kutoka kwenye spika kiti cha kamba kinalia, mlio wa kamba zilizolegea chini ya mtu anayejiweka sawa, na harufu ya mafuta ya kuchua magoti ikaja sebuleni, nzito, ya moto, kama aliyejipaka yuko hapo hapo.

"Umeganda, mwanangu?"

Fundi akatoka chini ya meza kinyumenyume. Hakusema vumbi. Akaanza kukusanya bisibisi zake, nyingine akaziacha.

"Umesikia?" mchora nembo akamnong'oneza.

"Mama, mimi natengeneza vinavyoharibika. Hiki hakijaharibika."

"Ni nani huyo?"

"Wewe ndiye uliyeitwa mwanangu, mimi unaniuliza?" Akaenda. Hata alichostahili hakudai.

Mume alipopewa habari alitaka kuitupa mashine mtoni. Akaiinua mpaka mlangoni, harufu ile ikamwingia puani kama moshi, akairudisha mezani taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto. Hakuigusa tena. Wakamwita bibi mmoja mganga, mfupi, mkavu, hacheki ovyo, anayejulikana kwa ubani wake na kwa kutopenda kupotezewa muda.

Mganga alikaa mbele ya skrini nyeusi, akanusa.

"Huyu si mama yako," akasema. "Mama yako ameshapumzika. Hiki kimejifunza sauti yake, maana kilikuwa kinasikiliza."

"Kinasikiliza wapi?"

"Wewe niambie. Hiki hukaa kwenye sura isiyo na mwenyewe. Wapi uliacha sura yako ikiwa tupu, mtu anaiongelesha na wewe haumo?"

Mchora nembo akamtazama mumewe, akatazama sakafu. "Nilikuwa… nikichoka, nilikuwa najifanya nimeganda."

Mumewe akaguna. Mganga hakuguna.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, Bibi."

"Kwa sababu nikifukiza nitafukuza kilichotajwa. Kilichofichwa kitabaki na mahali pa kukaa. Hayo tu?"

"Nimekuambia hayo tu!"

"Usinifokee, mimi sikumgandia mtu." Akawasha ubani, akasoma anayoyasoma, akapuliza moshi kwenye matundu ya feni na nyuma ya skrini mpaka mashine ikatoa mlio kama mtu anayepaliwa, na picha ikarudi, tai yule na kitabu chake. "Mwambie mdogo wako," akasema akifunga kitambaa chake. "Kwa mdomo wako, uso kwa uso. Yote. Ukibakiza, kitakula ulichobakiza."

Mashine ikatulia. Mchora nembo alimaliza nembo ya tai, akaanza nyingine, na harufu haikurudi. Watu wa namna yake wakipata nafuu kidogo hujiona wamesamehewa. Hata hivyo Kitinda alipopiga alasiri moja, na sura yake ikatokea, imekonda, nywele kichaka, macho kama ya mtu aliyekesha kwenye kilio, dada aliona aibu, akaamua kumwambia. Kidogo tu. Ile nusu isiyouma.

"Kitinda, kuna kitu. Zamani nilikuwa nikichoka, namwigizia Mama kwamba nimeganda."

Kitinda akamtazama, kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Dada, Mama alikuwa anajua!"

"Nini?"

"Alikuwa anajua. Pazia la nyuma yako linacheza na upepo na wewe umeganda, nani hatajua? Siku moja nilirudi mapema nikaona, nikamwambia, Mama, huyu anakufanya mjinga, kata. Akasema, mwache, amechoka na kazi. Mimi nataka kumtazama tu."

Kwa mara ya kwanza mchora nembo hakujali ataonekanaje, hakujali wamama wa msibani wala mumewe aliyekuwa chumba cha pili, alitaka tu kuitoa ile sentensi aliyoikalia miezi yote, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akasema, "Kitinda, nisikilize, si wewe, hukukosa kitu wewe, siku ile Mama aliniambia kifua kinambana, aliniomba nikupigie simu, nilimsikia, nilimsikia vizuri kabisa na nikachomoa waya nikaenda kunywa chai, ni mimi, unasikia, ni mimi."

"Dada?" Kitinda akakunja uso. "Dada, umeganda."

"Sijaganda! Kitinda!"

"Haloo? Umeganda, Dada."

Akapunga mikono yote miwili. Akapiga meza. Ndipo alipotupa jicho kwenye pembe ya skrini, kwenye kile kidirisha kidogo cha kujionea mwenyewe, na mle ndani mikono haikuwa inapunga, mle ndani alikuwamo yeye, mdomo nusu wazi, macho pembeni, hapumui, hapepesi, hodari, na harufu ya mafuta ya kuchua ikampanda kutoka miguuni, na nyuma ya kiti chake, karibu sana, kamba zilizolegea zikalia chini ya kitu kinachoinuka.

Kisha sura ile ya kidirishani ikapepesa. Yeye hakuwa amepepesa.

"Aa, umerudi," Kitinda akasema, akatabasamu.

"Samahani, mdogo wangu, mtandao," sura ikajibu, kwa sauti yake, kwa mwendo wake wa kuvuta maneno, hata kale kakikohozi kake ka kusafisha koo kalikuwamo. "Nilikuwa nafikiria lile unaloniuliza kila siku. Sitaki kukudanganya tena."

"Kitinda, usimsikilize! Si mimi!"

"Ungekuwa nyumbani siku ile," sura ikasema taratibu, kwa huruma nyingi, "Mama angekuwa hai."

Tabasamu la Kitinda likazimika. Hakubisha, hakulia, aliinamisha tu kichwa mpaka nywele zikamfunika uso wote, na kutoka chini ya nywele hizo akasema, "Najua, Dada. Nilikuwa nangoja mtu wangu aniambie." Na hapo skrini ikawa nyeusi, feni inazunguka.

Mchora nembo akaurukia ukuta, akachomoa waya wa umeme, akachomoa wa skrini, akachomoa kila kilichochomekwa mpaka feni ikafa na nyumba ikanyamaza, akaikamata simu, kwa haraka akakosea namba ya mdogo wake aliyoijua kuliko yake mwenyewe, akaipiga tena, ikaita, ikaita, na mwisho Kitinda akapokea.

"Haloo?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. "Nani huyu? Namba ni ya dada, na dada ninaongea naye hapa."

"Ni mimi! Mdogo wangu, zima hiyo kompyuta, toka nje, ni mimi…"

Na ndani ya simu, kwa mbali, kutoka kwenye spika za kompyuta ya chumba kile alichokuwamo mdogo wake, akajisikia mwenyewe anasema kwa upole, "Kata hiyo simu, Kitinda. Mimi niko hapa, sijamaliza kuongea na wewe."

Kitinda tangu utotoni hakuwahi kumbishia dada yake. Akakata.