Njia ya Kwenda Korogwe

Stendi ya Mkata saa nne asubuhi haina adabu. Makondakta wanavuta abiria mikono, wauza mahindi ya kuchoma wanagonga vioo vya mabasi. Hapo ndipo Hamisa, katika gauni la kijani na mtandio wa njano, alipokalia boksi la mtu akidhani limetupwa.

"Dada, umekalia ruta yangu."

"Ruta ndiyo nini? Inakufa nikiikalia?"

"Haifi, ni kifaa cha mtandao. Ila mimi nitakufa njaa ikiharibika."

Hamisa alicheka mpaka mtandio ukamtoka begani. Kijana aliitwa Adamu, mtu wa Vugiri, fundi mitandao anayeishi Korogwe. Alikuwa anakwenda Handeni kufunga mtandao kwenye zahanati binafsi, na mhudumu wa mapokezi wa zahanati hiyo hiyo ndiye huyo aliyekalia boksi. Wakapanda gari moja.

Siku tatu za kazi ziliwatosha kupendana. Adamu aliwatenga mapokezi, maabara na duka la dawa, kila mmoja kwenye mtandao wake mdogo, VLAN yake.

"Sasa maabara watanipataje?" Hamisa aliuliza.

"Kupitia ruta. Yenyewe inajua kila mtu anakaa wapi. Na wa Korogwe atakupata hapo hapo."

"Wa Korogwe nani?"

"Mimi, mrembo. Kwani kuna mwingine?"

Wakapigiana simu miezi mitano, mpaka Adamu akaahidi kutuma mshenga Ijumaa.

Tatizo lilikuwa Mzee Mwinjuma, mwenye zahanati, baba mdogo wa Hamisa. Alimlea tangu baba yake alipofariki, akamsomesha, akampa chumba nyuma ya zahanati. Asubuhi mzee huenda ofisi yake kubwa ya Korogwe, jioni hurudi kula chakula cha Hamisa. Kutoka chumbani hadi mapokezi ni hatua ishirini na mbili, na kuna wiki binti wa watu hakutembea zaidi ya hizo. Mzee hakumfokea hata siku moja. Hilo ndilo lililomkaba, maana anayekufokea unaweza kumkimbia.

Ijumaa ikafika. Hamisa akajipamba, akapaka hina, akangoja. Hakuja mtu. Simu ya Adamu nayo ikawa kimya. Siku ya tatu akaizuia namba yake kwa hasira, akalia, akarudi mapokezi.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, zahanati imejaa, kompyuta zote zikaacha kufungua mafaili ya wagonjwa yaliyohifadhiwa ofisini kwa mzee Korogwe. Simu ya mezani ikalia.

"Zahanati, karibu."

"Hamisa, usikate. Ni kazi."

"Sema kazi."

"Nilikuwa nabadilisha njia ya mtandao ya kutoka huko kuja huku. Nimefuta ya zamani kabla ya kuandika mpya, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia kwenye ruta ya huko kwa kupitia hiyo ya zamani."

"Kwa hiyo umejifungia nje."

"Kabisa. Bila wewe nipande basi, wagonjwa wangoje mpaka alasiri."

Hamisa alimtazama Bi Mwantumu pale kwenye benchi, amempakata mjukuu mwenye homa.

"Nafanya kwa ajili yao. Si kwa ajili yako."

"Sawa. Chomeka waya wa bluu kwenye ruta, upande wa pili kwenye kompyuta yako."

Alichomeka. Akaingiza nywila aliyotajiwa, akafuata maelekezo mstari kwa mstari.

"Sasa andika ip route. Acha nafasi. Sifuri nne, nukta katikati. Acha nafasi, rudia hivyo hivyo."

"Sifuri zote hizi za nini?"

"Ndiyo kusema popote pale. Usikojua njia, pitia kwa huyu: kumi, nukta ishirini, nukta moja, nukta moja."

"Fundi mzima unafuta njia! Ulikuwa unawaza nini?"

"Wewe."

"Mimi? Uliyeniacha na hina mkononi kama mwendawazimu?"

"Hamisa, mshenga alikuja! Alimfuata mzee huku Korogwe, ofisini kwake. Barua ikapokelewa. Jibu likawa umeulizwa, umesema hunitaki."

Kidole cha Hamisa kilisimama juu ya kitufe.

"Aliniuliza nani?"

"Hukuulizwa?" sauti ya Adamu ilipasuka.

"Sikuulizwa, Adamu. Sikuulizwa na mtu yeyote."

Akabonyeza. Mafaili yakafunguka, duka la dawa wakashangilia. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye kibodi.

"Andika write, mpenzi, la sivyo umeme ukikatika yote yanapotea."

Hamisa aliandika. Akampangia Bi Mwantumu daktari, kisha akampigia mzee Korogwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mtandao umerudi?"

"Umerudi. Baba, umekataa posa yangu ukasema mimi ndiye niliyekataa."

Mzee Mwinjuma alikohoa. Akasema vijana hawaaminiki. Akasema Korogwe mbali. Mwisho akasema kweli: "Ukiondoka, mimi nabaki na nani?"

Hamisa alimhurumia, karibu aombe radhi kama alivyozoea. Hakuomba.

"Wewe ndiye walii wangu wa kuniozesha, baba, sina mwingine. Ukitaka kukataa, kataa kwa mdomo wako. Usikatae kwa wangu."

Hamisa alimsikia akivuta droo, karatasi ikichakarika, huenda ile barua.

"Mwambie mshenga arudi Ijumaa," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Na mapokezi atakaa nani?"

"Sijui, baba," alisema Hamisa, na kweli hakujua.