Kilichofuatwa na Macho ya Restituta

Macho ya mgonjwa wa kizunguzungu huteleza polepole upande mmoja, kisha hurudi kwa kuruka. Tabibu Danstan alikwisha kuyaona hivyo mara nyingi. Ya Restituta hayakuruka.

Restituta, mzaliwa wa Mabawe, alikuwa mama lishe wa Lusahunga, akiwapikia madereva wa malori. Siku moja dunia ilimzunguka akiwa na mwanawe mgongoni, akaanguka kando ya karai la mafuta ya moto. Tangu hapo mama mkwe wake, Adelfina, hakumruhusu kumshika mtoto. Hata sasa bibi huyo alikaa mlangoni mwa chumba cha vipimo, mjukuu kifuani.

"Nipime vizuri, daktari," Restituta alisema. "Nisipopona, mtoto atasahau harufu yangu."

Alivishwa miwani mizito isiyopitisha mwanga, yenye kamera ndani. Kwenye kompyuta macho yake yalionekana makubwa, yakienda taratibu kutoka mlangoni hadi dirishani, kama ya mtu anayemtazama mpita njia.

"Unaona chochote?"

"Giza tupu."

Danstan alijua kwamba gizani jicho haliwezi kwenda hivyo bila kitu cha kufuata. Akajiambia kuwa mgonjwa anasinzia. Wenye kusinzia huharibu kipimo, naye alikuwa na desturi ya kuwaamsha kwa kuwatajisha majina.

"Nitajie watu wa kwenu, mmoja mmoja."

"Faustini. Zita. Novatus." Akasita. "Wamekwisha."

"Umesita, basi bado yupo mmoja," Danstan alisema. "Endelea, mama."

"Restituta, nyamaza!" Adelfina alinong'ona.

"Bibi, tafadhali, usiniharibie kipimo. Endelea!"

"Nimpaye."

Macho yakasimama. Chumba kikanuka tope la mtoni.

"Nimpaye ni nani?"

"Dada yake," Adelfina alisema, akimfunika mjukuu uso kwa kanga. "Alizama katika mto Ruvubu, mwili haukuonekana. Kwao hatajwi. Kilichotoka majini si yeye, ni jini lililovaa jina lake. Linazunguka tu, likingoja kuitwa."

Danstan alijaribu kucheka. "Basi ameliita Restituta."

"Huyu ametoa mdomo tu. Aliyeliita ni wewe."

Hapo macho yakaanza kusogea tena, yakaacha dirisha, yakapita juu ya kitanda, na kila yaliposogea nyayo zilizolowa zililia juu ya saruji iliyokuwa kavu, zikakaribia meza, zikazunguka kiti alichokalia Danstan, hata macho yakatua nyuma ya bega lake la kushoto, yakabaki hapo.

Restituta akavua miwani. Akasimama imara, akatembea moja kwa moja hadi mlangoni, akanyoosha mikono. Adelfina akampa mtoto.

"Pole, mwanangu," bibi alimwambia Danstan, bila kumtazama usoni.

Walipoondoka Danstan aliinuka, na sakafu ikainama. Muuguzi wake, Scolastica, alimkuta ameng'ang'ania meza.

"He! Daktari naye kaambukizwa kizunguzungu?" Akamkalisha, akamvisha miwani kama alivyofundishwa. "Haya, usisinzie. Taja watu wa kwenu Kibimba."

Danstan akakaza meno, asitaje hata mmoja.

Gizani, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, sauti ya mwanamke ikaanza kuwataja, taratibu, maji yakitiririka kati ya jina na jina. Na la kwanza lilikuwa la binti yake, Irine.