Wimbo wa Mwamvita Ulivyomkatisha Alawi Mkono

Panga lilishuka!

Likaingia mkono wa kushoto wa Alawi, juu kidogo ya kiwiko, likagota kwenye mfupa.

Chai ikamwagika. Mabenchi yakaanguka. Watu wa mgahawa ule wa Iyunga wakakimbia kwa kupitia madirishani kama panya waliomwagiwa maji ya moto.

Alawi akautazama mkono. Akamtazama aliyemkata. Halafu... akacheka!

"Mhehe wewe! Dume la ng'ombe unalimaliza kwa kisu kimoja. Mimi Mngoni mwenye mbavu za kuhesabu unanibakiza?"

"Nyamaza!" Muharami akanguruma. "Leo ndiyo mwisho wako!"

Akalinyanyua panga mara ya pili.

Na nyuma yao gramafoni, hakuna aliyekumbuka kuizima, ikaendelea na sauti zake za wanawake:

*Mwamvita, chungu kimeungua,*
*Mumeo kalala njaa...*

Jamani.

Mwamvita alikuwa mke wa Muharami. Na huo ulikuwa mwezi wake wa nane kaburini.

Ngoja niwarudishe nyuma ili mwelewe. Maana nyie wa siku hizi mkichoshwa na wimbo mnazima simu, basi. Mwaka hamsini na tano ungezima nini?

Muharami alikuwa mchinjaji, bucha yake iko sokoni Iringa. Mkono mzito, maneno machache. Mkewe aliondoka kwa homa ya mapafu, siku tatu tu. Aliyefiwa na mke hahitaji kuelezwa, na ambaye hajafiwa hataelewa hata akielezwa, kwa hiyo tuendelee.

Mazishini alikuja rafiki yake Alawi, fundi viatu, Mngoni.

Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zao waliuana mpaka wakachoka, wakaamua bora watukanane. Na msibani mtani ndiye pekee mwenye ruhusa ya kumsema marehemu. Wewe mfiwa huna ruhusa ya kununa.

Alawi akarukia ndani ya kaburi, akalala chali.

"Sitoki! Huyu mwanamke aliniunguzia ugali mwaka juzi, leo simpishi!"

Akaanza kuimba humo humo shimoni. *Mwamvita, chungu kimeungua...*

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Muharami mwenyewe alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mkewe augue, akamtoa mtani wake kwa kumpa mguu wa mbuzi. Mrisho, kaka wa marehemu, mkulima wa mpunga kutoka Rujewa, alicheka mpaka akaegemea jembe.

Udongo ukashuka, na wimbo ukafukiwa nao. Ndiyo desturi. Maneno ya mtani hayatoki makaburini. Hata mtani mwenyewe hayarudii.

Miezi miwili ikapita.

Asubuhi moja Muharami anakata nyama, akasikia gramafoni ya duka la jirani.

*Mwamvita, chungu kimeungua...*

Alidhani kichwa kimeharibika. Kisha akachukua shoka la kukatia mifupa, akaingia mle dukani. Mstari wa pili haukusikika. Santuri vipande, gramafoni vipande, mwenye duka chini ya meza anamwita Mungu.

Lakini angevunja ngapi?

Wauza nyanya waliuimba. Watoto wa shule waliuimba. Rujewa makuli walibebea magunia ya mpunga kwa wimbo huo huo. Watu wenyewe walishauchoka, wanautukana, na bado wanauimba!

Mteja mmoja akajitia mcheshi. "Bwana Muharami, nikatie ratili moja ya mbavu, nisije nikalala njaa kama wewe."

Muharami alimpiga na paja la ng'ombe, zima, lenye kwato. Meno mawili. Akafungwa wiki mbili.

Alipotoka alimkuta Mrisho amehamia kwake, eti amekuja kumliwaza. Na kichwani ana kofia mpya ya utarishi wa baraza la Liwali, mtawala wa mji.

"Shemeji," Mrisho akamwambia, "wewe unapiga watu bure. Mwenye kosa ni Alawi."

"Alawi?"

"Liwali alimleta Mzungu wa Nairobi mwenye mashine ya kunasa sauti, anatafuta nyimbo za wenyeji. Alawi akampa ule wa msiba. Unadhani kwa nini alihama mji bila kukuaga?"

Kweli, Alawi aliondoka bila kuaga.

"Una hakika?"

"Mimi ni tarishi wa baraza, shemeji. Nitakosaje kujua? Yuko Iyunga kule Mbeya, anashona viatu barazani kwa mgahawa."

Panga alilinoa Mrisho mwenyewe. Tena alilijaribu makali kwa kidole gumba!

Muharami akapanda lori la Mbeya. Walipofika Igawa dereva akaanza kupiga mluzi wimbo ule. Muharami akamkaba koo, lori likaingia mtaroni. Akashuka, akatafuta lori jingine.

Hivyo ndivyo alivyofika Iyunga Jumapili ile alasiri.

Sasa panga liko juu. Damu ya Alawi inachuruzika sakafuni.

"Kabla hujanimaliza," Alawi akasema, sasa hacheki, "niambie kitu kimoja. Huu wimbo umewahi kuusikia mpaka mwisho?"

Muharami akasita.

Hakuwahi. Kila mara alianza kupiga kabla kiitikio hakijaisha.

"Basi sikiliza, mtani. Panga halitapoa."

Wanawake wakamaliza kuitikia. Gita likalia kidogo. Halafu akaingia mwanamume, sauti ya puani, anavuta pumzi katikati ya neno kama mwenye mafua.

Mkono wa Muharami ukaganda hewani.

Sauti ile alikula nayo sahani moja miaka kumi!

Mrisho...

Kaka wa damu, si mtani! Anamtangaza dada yake marehemu kwa kila mwenye gramafoni! Hata Ibilisi angeona haya.

"Waliniita mimi kwanza," Alawi akasema. "Nikamwambia Liwali, maneno ya makaburini hayaimbwi. Akaamuru nichapwe, ishirini na nne. Nikakataa bado. Akanipa mpaka adhuhuri niwe nje ya Iringa. Mrisho alikuwa kasimama mlangoni. Nilimsikia kwa masikio yangu: 'Bwana Liwali, maneno yote ninayajua mimi.' Kofia si umeiona?"

Akajigeuza, akapandisha shati kwa mkono uliobaki mzima.

Mgongo ulikuwa matuta matupu.

Panga likaanguka lenyewe.

Muharami akavua kanzu, akaifunga kwenye ule mkono, akambeba Alawi mgongoni mpaka hospitali, njia nzima analia kwa sauti kama mtoto.

"Polepole, Mhehe," Alawi anamnong'oneza sikioni. "Mimi si ubavu wa ng'ombe."

Mkono haukupona. Waliukata.

Inspekta wa Kizungu akaja kitandani na mkalimani wake.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mtani wangu. Alikuwa ananitania."

"Utani wa panga?"

"Bwana, Wahehe hawana maneno. Ndivyo wanavyotania."

Hakusema neno jingine. Lakini serikali ilishapata shahidi wake. Siku ya kesi Mrisho akapanda kizimbani na kofia yake, akaapa, akaanza: "Shemeji aliniambia atakwenda kuua, nikamsihi sana..."

Hakumaliza! Muharami aliruka na pingu zake, akampiga nazo mdomoni, mara moja, mara mbili. Askari wanne walimtoa juu yake. Taya la Mrisho lilipasuka. Lilikuja kuunga upande, na tangu siku ile hakuimba tena.

Muharami akapewa miaka saba.

Liwali je? Liwali alipewa nishani kwa kuutangaza mji. Wakubwa ndivyo walivyo. Wanawasha moto, wanakaa mbali kuota, wanaoungua ni sisi.

Mngedhani imeishia hapo. Sikilizeni.

Gerezani walikuwa wanaponda kokoto za barabara, na mnyapara mmoja, msimamizi wa wafungwa, aligundua kwamba nyundo zinakwenda vizuri sana na wimbo mmoja.

Akamwita Muharami. "Wewe si ndiye mume wa yule Mwamvita? Anzisha!"

Muharami akakataa. Fimbo nne.

Kesho yake, "Anzisha!" Akakataa. Fimbo nne tena, juu ya zile za jana.

Siku ya tatu mnyapara alipiga ya kwanza. Akapiga ya pili...

Na Muharami akafungua mdomo.

*Mwamvita, chungu kimeungua...*

Wafungwa sitini wakaitikia, nyundo zikashuka kwa pamoja.

Alawi alichapwa ishirini na nne, jina la mwanamke asiye wake halikumtoka mdomoni. Muharami, mume, alifikisha kumi tu, akaimba.

Ndugu zangu, ukisikia fulani kakusaliti, usimwamini anayesema kwa sababu tu ya kofia yake. Kaa, usikilize mpaka mwisho, hata kama kinachosikika kinakuchoma. Na yule uliyekwenda kumkata, mtazame mgongo kwanza.